Sahani ya Baba

Aliondoka Jumamosi, siku ya soko. Tengeru ya Jumatano na Jumamosi haina nafasi ya kumtazama mtu mmoja. Malori ya ndizi yamejipanga tangu alfajiri, akina mama wa Akheri na Poli wanateremka na mikungu, vifodi vya mjini na vya Usa River vinashusha na kupakia kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Moshi, na mwanamume mwenye begi begani hupita bila kuulizwa anakwenda wapi. Baba huyu alikunywa chai yake, akamwahidi kitinda mimba wake kuwa atamletea viatu, akatoka kama anayekwenda kununua misumari. Ilikuwa mwezi Machi, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza. Saa mbili usiku simu yake iliita bila kupokelewa. Saa nne ikawa haipatikani.

Nyumba ninayoisimulia nimeiunga kwa mambo ya nyumba zaidi ya moja, ili asitokee mtu akanyooshewa kidole njiani. Lakini sidhani kama kuna mkazi wa miteremko hii ya Meru atakayeiona ngeni. Tangu tanzanaiti ilipogunduliwa Mererani mwaka 1967, wanaume wa huku wamekuwa wakishuka kwenda kuwa wanaapolo, yaani wachimbaji wa migodini, wengine kwa kuaga na wengine bila kuaga. Wapo waliorudi na gari. Wapo waliorudi na kifua kibovu. Mwaka 1998, na tena mwaka 2008, maji ya mvua yaliingia migodini yakaua makumi ya wachimbaji, na kwa siku kadhaa familia hazikujua nani yuko chini na nani yuko hai. Na wapo ambao hawakufa wala hawakurudi. Siku hizi hata akina mama huondoka, kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, na si wote wanaowaambia watoto wao siku ya safari.

Nyumbani walibaki watu watano: bibi, yaani mama mzazi wa aliyeondoka, mama, kifungua mimba, mvulana wa kidato cha nne, binti wa kati, kidato cha kwanza, na kitinda mimba, mvulana wa miaka sita aliyekuwa ameanza darasa la kwanza mwaka uleule.

Bibi alianza usiku wa kwanza. Chakula kilipopakuliwa, alichukua sahani ya mwanawe, ile ya bati yenye ua jekundu katikati na ukingo uliobanduka rangi, akaitilia sehemu nzuri kuliko zote, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kabati. Ikipikwa loshoro, iliwekwa loshoro. Ukipikwa wali wa Jumapili, uliwekwa wali na nyama yake. Asubuhi chakula kile walimwagiwa kuku. Hakulia mbele ya mtu. Aliyemuuliza alijibiwa, "Mwanangu akiingia usiku wa manane atakula nini?"

Mama alishika njia nyingine kabisa. Wiki ya tatu alikunja nguo zote za mumewe, akazitia kwenye gunia na kulipandisha darini. Halafu akaingia sokoni kwa nguvu zake zote. Zamani aliuza ndizi za shamba lake tu, mikungu mitatu au minne kwa wiki. Sasa akaanza kununua kwa wenzake wa juu mlimani na kuwauzia wenye malori ya Dar es Salaam. Alitoka saa kumi za alfajiri, akarudi giza limeshaingia. Jina la mumewe halikumtoka mdomoni tena. Majirani wakasema hana uchungu. Wengine wakasema labda alijua.

Kifungua mimba hakuamka siku moja akaamua kuwa baba. Alipewa ubaba mkononi. Mjomba alimwambia, mzee wa kanisa alimwambia, hata konda wa kifodi alimwambia: "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Mtoto wa miaka kumi na saba akiambiwa hivyo na watu wazima kumi, atajibu nini? Akahamia kwenye kiti cha baba yake. Akaanza kumuuliza mdogo wake wa kike ametoka wapi na kwa nini amechelewa. Akaazima bodaboda ya rafiki yake, kwanza jioni baada ya masomo, baadaye hata saa za masomo. Ada si kitu kilichomtoa darasani, maana tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Kilichomtoa ni aibu ya kukaa dawatini akichora pembetatu wakati mama yake amebeba mikungu.

Binti wa kati alicheka. Kwaya hakuacha, utani hakuacha, shuleni alikuwa yuleyule. Bibi alimwona hana moyo, kaka yake akamwona mhuni. Ilikuja kujulikana baadaye sana kwamba usiku, wote wakishalala, alipanda darini akafungua gunia, akatoa sweta la baba yake akalala nalo, na kabla ya alfajiri akalirudisha likiwa limekunjwa vilevile.

Kitinda mimba yeye aliambiwa uongo. Ulikuwa uongo mdogo, na mama aliusema kwa huruma usiku ule wa kwanza, mtoto alipokataa kulala: "Baba amesafiri kikazi, atarudi siku ya soko." Mtu mzima angesikia kwamba anatulizwa. Mtoto wa miaka sita alisikia Jumatano na Jumamosi. Basi kila Jumatano na kila Jumamosi alikwenda kusimama kituoni, akiwakagua watu miguuni wanaposhuka kwenye vifodi, kwa kuwa alivijua viatu vya baba yake kuliko alivyojua kitu kingine chochote.

Sahani ilileta ugomvi mwezi wa Mei. Ilikuwa Jumapili, binti amerudi kutoka kwaya na njaa, akaenda kabatini, akafunua sahani, akaketi na kuanza kula mbele ya wote. Bibi alipiga ukelele: "Umemla mwanangu!" Kaka mtu akamzaba kofi. Mama, aliyekuwa uani akihesabu fedha za wenye ndizi, aliingia bila kuuliza, akamnyang'anya binti sahani, akamwaga kilichobaki, akaiosha na kuipanga pamoja na sahani nyingine kama vile haina mwenyewe. Hapo bibi akasema neno ambalo hakuna maji ya kulisafisha: "Ndiyo maana alikukimbia." Binti akacheka, kicheko kile kile chake. Na kitinda mimba, ambaye hakuna aliyekuwa anamwangalia, akauliza, "Sasa baba akija leo atakula nini?"

Hakuna aliyemjibu. Kwa miezi iliyofuata walikula kila mtu kwa saa yake.

Nimesikia watu wakihukumu nyumba za namna hii, na hukumu huwa ni kumtafuta mmoja aliyeomboleza vizuri na kuwalaumu waliobaki. Wanaompenda bibi watasema mama ni mkavu. Wanaompenda mama watasema bibi anaabudu bati. Mimi sioni kosa katika sahani wala katika gunia. Bibi alikuwa anasema mwanangu yu hai. Mama alikuwa anasema watoto hawa watakula kesho. Yote mawili yalikuwa kweli, na nyumba ilihitaji yote mawili. Kosa lilikuwa kwamba kila mmoja alidhani namna ya mwenzake ni tusi kwake. Kila sahani iliyofunikwa, mama aliiona kama lawama. Kila nguo iliyokunjwa, bibi aliiona kama kaburi.

Tuangalie tunavyofanya mtu akifa. Huku kwetu turubai hufungwa kabla jua halijachwa, viti huletwa, kwaya huja, michango huandikwa kwenye daftari, wanawake hushika majiko, wanaume huchimba kaburi kihambani, na wafiwa hawaachwi peke yao. Mwenye kulia hulia, asiyelia huachwa akae kimya, na hakuna anayemuuliza mwenzake mbona hulii, kwa sababu kaburi liko pale na limekwisha kusema. Baba akiondoka kwa miguu yake hakuna turubai. Jirani anapita njia ya nyuma kwa kuwa hajui aseme pole au asiseme. Familia nayo inaona haya, inafunga mlango, na ndani ya mlango uliofungwa kila mtu anajitungia matanga yake mwenyewe.

Mmarekani mmoja, Pauline Boss, alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970 kwa kuzungumza na familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Kitabu chake cha mwaka 1999 kimeeleza vizuri kilichowapata: mtu hayupo kwa mwili lakini yupo nyumbani kwa fikra, hajulikani kama ni wa kungojwa au wa kuagwa, na kwa hiyo ndani ya familia moja mmoja huwa ameshamzika na mwingine bado anamtandikia kitanda. Boss haambii familia zichague mmoja aliye sahihi. Anaziambia zivumilie majibu mawili kwa wakati mmoja: huenda atarudi, huenda asirudi. Nadhani angeingia katika nyumba ile ya Tengeru, asingemnyang'anya bibi sahani yake, wala asingemlazimisha mama kulishusha gunia.

Na hatukuwa na haja ya kwenda Marekani kuyajua haya. Ardhi yetu wenyewe imewahi kupokea maelfu ya watu waliokuwa na kidonda hiki. Mwaka 1942 Wapolandi walianza kufika Tengeru, na kambi yao ikawa kubwa kuliko kambi zote za Wapolandi barani Afrika, watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Serikali ya Kisovieti ilikuwa imewachukua kutoka makwao mwaka 1940 na 1941 ikawatupa Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa walitoka kupitia Iran, na kutoka huko wakasambazwa, wengine wakaja huku chini ya Meru. Akina baba wengi walikuwa wameingia katika jeshi la Jenerali Władysław Anders. Wengine walikuwa wamekamatwa na hawajulikani walipo. Maelfu ya maofisa wa Poland walipigwa risasi huko Katyn na kwingineko katika majira ya kuchipua ya 1940, na Aprili ya mwaka huohuo wake na watoto wa waliokamatwa ndio waliopakiwa kwenye treni kwenda Kazakhstan, bila kuambiwa lolote. Makaburi yalitangazwa Aprili 1943. Moscow ilikana hadi 1990. Mwanamke wa Poland wa kizazi kile angeweza kuzeeka na kufa bila kuambiwa na mkosaji mwenyewe kwamba yeye ni mjane.

Kambi ile ilikuwa na makanisa, shule, hospitali, warsha na nyumba ya yatima. Makaburi yapatayo 150 bado yanatunzwa pale karibu na chuo cha mifugo, nami namshauri kila mzazi wa Tengeru awapeleke watoto wake kuyaona. Mwaka 1949 kambi zilipokuwa zinaelekea kufungwa, Padre Lucjan Królikowski aliondoka na yatima wapatao 150, wakapitia Italia na Ujerumani, wengi wao wakafika Kanada, huku serikali ya Poland ikilalamika kwamba watoto wake wametoroshwa. Sisemi waliteseka kidogo kuliko nyumba ninayoisimulia. Waliteseka zaidi. Lakini kitu kimoja walikuwa nacho: mtoto wa kambi ile alikaa darasani na wenzake ambao nao hawakujua baba zao wako wapi. Kungoja hakukuwa aibu ya nyumba moja. Kulikuwa jambo la kambi nzima, likasaliwa kanisani na kusemwa hadharani.

Nyumba yetu ilingoja kwa siri. Mwezi wa Agosti zikaingia shilingi 40,000 kwenye simu ya mama, kutoka namba ileile ya mumewe. Hakuna ujumbe. Akipigiwa, hapokei. Bibi alipiga vigelegele: anarudi. Mama alisema hizo ni fedha za mtu anayenunua usingizi. Kifungua mimba alitaka zirudishwe zote, hata senti isibaki. Binti aliuliza swali moja, "Ameniulizia?" na alipoambiwa hakuandika kitu, akatoka nje kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mwishowe mama alinunua unga. Bibi akamwambia amekula fedha za mtu anayemsema vibaya.

Oktoba mwanaapolo mmoja wa jirani alirudi likizo akasema amemwona mzee Mererani. Alimwambia mama peke yake, uani, kwa sauti ya chini. Mama akamwomba asimwambie mtu. Lakini ukuta wa mbao una masikio mawili upande wa pili: la kifungua mimba, na la kitinda mimba.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Ijumaa ya kabla ya wiki ile kifungua mimba aliwasha bodaboda usiku, akapitia njia ya KIA kwenda Mererani, akiwa na nia ambayo yeye mwenyewe hakuijua vizuri: kumrudisha baba yake au kumpiga. Alifika langoni. Eneo la migodi lilizungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na jeshi na kuzinduliwa Aprili 2018, na huingii bila kibali. Alizuiwa. Akakaa mji mdogo ule siku tano, akiuliza kwenye vibanda vya chai na kwa madalali wa mawe, akionyesha picha kwenye simu. Wengine walisema walimjua, wengine walisema ameshahamia kwingine. Hakumwona. Aliporudi, karatasi za kwanza za mtihani zilikuwa zimepita.

Lakini kabla hajarudi, kesho yake tu baada ya kuondoka kwake, Jumamosi, wakati mama na bibi wanahangaika kumpigia simu, kitinda mimba naye alitoka. Alijua kwamba malori madogo ya nyanya yanayorudi Mbuguni huelekea upande wa Mererani, kwa sababu watoto wa sokoni hujua njia za magari yote. Akapanda nyuma ya moja, kati ya matenga matupu. Hakuna aliyegundua hadi usiku, maana bibi alidhani yuko sokoni na mama yake, na mama alidhani yuko kwa bibi yake. Mkulima mmoja wa Mbuguni alimkuta amelala kwenye matenga, akampa uji, akampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, na Jumapili akarudishwa. Ndani ya shati lake alikuwa ameficha sahani ya bati yenye ua jekundu. Alipoulizwa ya nini, alisema ya baba, ili apate cha kulia.

Shangazi, dada wa aliyeondoka, aliolewa Maji ya Chai. Alikuja siku ile ile, na alingoja hadi kifungua mimba aliporudi. Namheshimu mwanamke huyu kwa alilolifanya, maana hakuja na mahubiri. Aliwakalisha wote sebuleni, akafunga mlango, akaweka sharti moja: kila mtu aseme amefanya nini tangu siku ile, na mwingine asijibu hadi amalize.

Kifungua mimba alisema ya lango. Binti akasema ya sweta, na kwamba kila usiku alikuwa akiazima simu ya rafiki yake kumpigia baba, apate angalau kusikia ikiita. Kisha mama, akitazama chini, akasema kwamba wiki ya pili tu, siku ambayo wote walidhani yuko kwenye ndizi, alichukua akiba yake ya kikoba akaenda Mererani. Alizunguka kutwa nzima. Alichokisikia huko hakutaka mama mkwe akisikie wala watoto wakijue. Ndipo aliporudi, nguo zikaenda darini.

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. "Kumbe ulikwenda?"

"Nilikwenda, mama."

Kila mmoja alikuwa amemtafuta mtu yule yule, peke yake, kwa siri, kwa kudhani kwamba wenzake wamemsahau. Miezi minane walikuwa wakigombana kuhusu nani anayempenda zaidi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameacha kumtafuta. Naliandika hili nikijua kwamba saa hizi kuna nyumba kati ya Usa River na Sing'isi ambamo jambo hilohilo linaendelea, na kinachokosekana ni mtu wa kufunga mlango na kuuliza.

Siku ileile mtoto aliambiwa ukweli, kwa maneno mafupi yanayomfaa: baba ameondoka, hatujui kama atarudi, na hakuondoka kwa sababu yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na viatu?" Mama alimnunulia Jumatano. Aliendelea kwenda kituoni kwa wiki chache, kisha akaacha mwenyewe.

Lakini gharama haikurudi yote. Kifungua mimba alipata sifuri, na sasa anajiandaa kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akiendesha bodaboda. Ni mwanafunzi aliyekuwa na uwezo, na walimu wake walijua. Watu wazima kumi waliomwita baba hakuna aliyemuuliza kama amesoma. Binti aliacha kucheka, akalia miezi miwili, na watu wakasema sasa ndiyo ameharibika. Mimi nasema ndiyo alianza kupona. Bibi na mama wanapika pamoja. Sahani bado huwekwa siku za Jumapili tu, na asubuhi anayeamka wa kwanza anakula, hakuna ugomvi.

Nyumba ilipotulia ndipo ilipoona kwamba ilikuwa na haki ambazo haikuwahi kuzidai, kwa sababu kila mmoja alikuwa anashughulika na hasira yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwondolei mzazi wajibu wa matunzo kwa kuwa amehama. Afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Usa River, ndiye wa kuanza naye, na shauri likishindikana kwake linakwenda mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Sheria hiyohiyo inamruhusu aliyetelekezwa kwa makusudi kwa miaka mitatu kulitumia jambo hilo kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Na ikiwa mtoto ndiye mwenye mzigo, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Kutoa taarifa polisi kwamba mtu amepotea si kumfedhehesha. Mama yule angetoa taarifa mwezi wa Machi, asingezunguka Mererani peke yake, na mwanawe asingepata la kwenda kuthibitisha.

Majirani nao nawaomba. Nyumba iliyoachwa na mzazi nendeni mkakae, kama mnavyokaa penye msiba. Pelekeni sukari. Msiulize alikosewa nini. Msimwambie kijana wa miaka kumi na saba kwamba yeye ndiye baba. Mwambieni kwamba mtihani ni Novemba, na kwamba mikungu ya mama yake mtaibeba ninyi wiki hizo mbili.

Na wewe uliyeondoka, uwe umeshuka Mererani au umevuka bahari, sijui lililokutoa na sitakuhukumu kwa hilo hapa. Nakuomba neno moja tu. Fedha bila neno zinawagombanisha uliowaacha. Kama huwezi kuzungumza na mwenzako, zungumza na mama yako. Kama huwezi naye, mpigie mwenyekiti wa kitongoji. Sema u hai. Sema kama unarudi au hurudi. Mtoto wako ataweza kuishi na jibu la hapana, lakini kila siku ya soko unayonyamaza anasimama kituoni akitazama viatu vya watu. Piga leo. Namba za nyumbani hazijabadilika.